Mashine ya Kusoma Tumbo

Dokta Laini hakuwa daktari, ila laini alikuwa. Kila asubuhi alivaa koti jeupe alilolipata kwa kinyozi aliyefunga kazi, akaingia duka la dawa kama mtu anayesubiri zamu yake, na hakununua hata kidonge. Alikuja kusikiliza. Kwenye foleni ya dawa watu hutaja maradhi yao na uwezo wao kwa pumzi moja, na masikio yeye alijaliwa.

Siku hiyo mbele yake alisimama mwanamke wa bangili nzito, amemshika mkono bintiye wa miaka saba hivi. Mtoto alikuwa mwembamba kote isipokuwa tumboni, ambako alituna kama mpira uliotoka kupigwa pampu.

"Nipe ile dawa ya juzi," mwanamke alimwambia muuza dawa. "Au ile ya kabla yake. Au zote! Mtoto analia tumbo, anajaa gesi, anaharisha, miezi sasa. Mwalimu amesema nisimrudishe shule mpaka nijue ana nini. Nitafutie dawa, gharama si tatizo."

Gharama si tatizo. Dokta Laini alisimama wima, kama watu wanavyosimama wimbo wa taifa unapopigwa.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti ya kumlaza mtoto mchanga. "Tumbo hili limeshasomwa?"

"Limepimwa. Choo, damu, vyote. Hawakuona kitu."

"Hao wamepima. Mimi nauliza kama limesomwa."

Mama akalitazama koti, akazitazama kalamu nne mfukoni mwake, akasahau dawa kaunta.

Jioni Dokta Laini alifika nyumbani kwao na mashine yake. Lilikuwa sanduku la chuma lenye taa nyekundu na mshale uliocheza nyuma ya kioo. Ubavuni alikuwa ameligandishia waya wa simu uliojikunja, na mwisho wa waya kuna kizibo cha beseni. Sanduku hilo lilikuwa na maisha yake ya zamani, ambayo hakuona haja ya kumsimulia mtu.

Sebuleni hapakuwa na pa kukanyaga. Maboksi ya pipi yalipangwa mpaka dari, maana mama huyo ndiye aliyeusambazia mji mzima pipi zisizo na sukari, na mtaani walimwita Mama Pipi. Kati ya maboksi, kwenye kochi, alijilaza mwanamke mnene akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Wifi yangu," Mama Pipi alieleza. "Shangazi yake mtoto."

"Karibu, dokta. Maji ya baridi hatuna," alisema shangazi. "Umeme wa hapa unapanda na kushuka kama una kwikwi. Umeshatuulia friji moja, hii ya pili tumeizima." Macho yake yalikuwa yametua kwenye sanduku, yakaganda hapo.

Dokta Laini akaichomeka mashine kwenye umeme, akabandika kizibo juu ya kitovu cha mtoto. Mshale ukaruka.

"Mdudu," alitangaza.

"Mungu wangu! Mdudu gani?"

"Wa kigeni. Hana hata jina kwa lugha yetu." Akatoa chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe na kuyatia rangi. "Atakunywa hii. Nitakuja kusoma kesho na keshokutwa. Mdudu akitoka, utanipa bahasha yangu. Mimi sili jasho la mtu bila matokeo."

Kisha, kwa kuwa madaktari huuliza, naye akauliza: "Anakula nini?"

"Uji, wali, mboga, matunda. Vyote napika mwenyewe."

"Na pipi?" shangazi alisema.

"Wifi, usianze! Hazina sukari. Akitaka anakula, mimi simhesabii. Mwanangu, hebu muonyeshe dokta meno."

Mtoto akatabasamu kwa maumivu. Kwa kweli meno yalikuwa mazuri mno.

Shangazi hakubisha. Alijizungusha kochini, akachota pipi kwa mikono miwili, akammiminia mgeni mapajani. "Karibu, dokta. Za bure hizo."

Hapo ndipo shangazi alipomjulia. Dokta Laini alikuwa na kanuni moja tu maishani: cha bure hakibaki. Alikula za ndimu, akala za chungwa, akajaza mifuko ya koti kwa ajili ya njiani. Kesho yake shangazi alimpa kopo zima, akamsifu kwa kutafuna kwa adabu. Usiku tumbo lilinguruma, akalilaumu godoro.

Siku ya tatu shangazi alimkaribisha kochini na kopo jingine, akamwongelesha mpaka likaisha. Ndipo Mama Pipi akatoka chumbani na bahasha nene. Dokta Laini alibandika kizibo, akafumba macho kama anayesali.

Grrrrrrooo!

"Mdudu!" Mama Pipi aliruka. "Nimemsikia!"

"Si mimi, mama," mtoto alisema. "Ni yeye."

Uso wa Dokta Laini ulikuwa umepauka kama koti lake. Aliinuka kwa heshima, akapiga hatua moja ya kiungwana, kisha akakimbia. Mlango wa choo ukajibamiza.

Shangazi, ambaye siku zote tatu hakuonekana akinyanyuka, alinyanyuka. Akaenda kusimama nje ya mlango.

"Dokta! Umekula nini leo?"

"Sijala kitu!"

"Kitu chochote?"

"Chai kavu... aaah... na pipi zenu tu!"

"Sema tena, kwa sauti. Wifi yangu hajasikia."

"PIPI!"

Mama Pipi akajikalisha juu ya boksi, halafu akashtuka akalitazama boksi lenyewe.

"Lakini hazina sukari," alisema kwa sauti ndogo.

"Hazina. Na hicho walichotia badala ya sukari, wewe unakijua? Daktari wa kweli alikuuliza mtoto anakula nini, ukamtajia chakula. Pipi kwako si chakula, ni biashara. Nikikwambia unasema naionea wivu."

"Kila akilia tumbo, mimi ndiye nilikuwa nampa ili anyamaze." Bangili zake zililia alipomvuta mtoto kifuani. "Nisamehe, mwanangu."

"Mara nyingine nilikuwa nalia tu," mtoto akakiri, "nipate ya ndimu."

Dokta Laini alipotoka, ameshikilia ukuta, sebuleni kulikuwa na mngurumo mwingine, wa taratibu. Friji ilikuwa inafanya kazi. Chini yake taa nyekundu iliwaka na mshale ulicheza.

"Mashine yangu!"

"Hii? Hii ni stabilaiza ya friji, mjomba, ya kutuliza umeme. Niliijua siku ya kwanza. Nikasema tapeli huyu tusimfukuze, amekuja na tumbo lake mwenyewe. Nilihitaji tumbo la mtu mzima la kujaribia, na mtu mwema nisingemfanyia hivi."

Mama Pipi aliitia bahasha kifuani. Dokta Laini alijitahidi kutoka na hadhi yake, lakini alipofika getini tumbo lilimkumbusha kuhusu lile kopo la mwisho. Akarudi mbio, akakuta mlango wa nyumba umefungwa.

"Shangazi! Choo, tafadhali!"

"Choo kipo, dokta," ilijibu sauti ya Mama Pipi kutoka ndani. "Gharama si tatizo?"

Alilipa kwa kuliacha koti.

Mama Pipi alimpeleka mtoto kwa daktari wa kweli, safari hii akataja na pipi. Daktari alicheka, akasema kile kinachotiwa badala ya sukari kikizidi huendesha tumbo, acheni hizo muone. Waliacha. Tumbo likalala, mwalimu akampokea, na Mama Pipi sasa kila mteja humwambia mbili zinatosha. Jioni, mgeni yeyote akibisha hodi, hufunguliwa na daktari mdogo wa koti jeupe linaloburuta chini, mkononi ana kizibo cha beseni.

"Umekula nini leo?" humuuliza. "Na pipi utaje."