Maziwa Yasiyo na Moshi

Jumatatu, 3 Machi
Meneja wa chama chetu cha maziwa kaniita. Mnunuzi mkubwa anataka hesabu ya hewa chafu. Si ya kiwanda tu: ya mbolea, ya malori, hata ya ng'ombe kucheua! Nikauliza ng'ombe wa watu wanatuhusu nini. Akasema tukinunua maziwa yao, na moshi wao ni wetu. Hesabu isipopatikana, mnunuzi anahama, wafugaji mia mbili watamwaga maziwa. Bi Makini wa maabara kapewa ng'ombe na malisho. Mimi usafiri na mbolea. Yeye keshavaa mabuti. Kimbelembele!

Jumanne, 4 Machi
Dereva wa lori hajui anatumia dizeli kiasi gani. Anasema hujaza mpaka ijae. Nikaenda stoo kutafakari. Nyuma ya makopo, baiskeli ya marehemu Baba, aliyouzia maziwa! Keria ingali na alama za kamba. Nilikuwa nikikaa mbele yake alfajiri, kengele ikilia, makopo yakigongana, kina mama wakitoka na ndoo kabla hatujafika. Baba akipanda mlima huku akipiga mluzi. Pumzi alizitoa wapi? Machozi kidogo. Kisha wazo! Baiskeli hainywi dizeli. Nimeandika: usafiri wote, baiskeli. Hewa chafu, sifuri. Si uongo. Ni ukweli uliopitwa na miaka.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja kanisifu mbele ya watu. Bi Makini kafikisha shamba la tisini na nne, miguu imevimba. Nimempa pole ya mdomoni. Mchana, simu: mkaguzi wa mnunuzi kavutiwa na sifuri yangu. Jumatatu anakuja kuziona baiskeli.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeazima baiskeli tano. Ya Baba nikaipanda mwenyewe, makopo mawili nyuma. Mwanzoni, raha! Upepo ule ule, mlio ule ule. Nikapiga mluzi. Mlima ukanikata pumzi katikati. Nikarudi kinyumenyume. Lita arobaini mtaroni, na mimi juu yake! Lori letu likatokea. Dereva akauliza mbele ya mkaguzi, "Kaka, sisi wa lori tumekukosea nini?" Mkaguzi akaandika. Bibi mmoja langoni akatikisa kichwa, akasema, "Baba yako hakumwaga hata tone." Hilo limeniuma kuliko goti.

Jumanne, 11 Machi
Mkaguzi alikuwa ameshafunga mkoba. Bi Makini akamwekea mezani daftari lake: mashamba yote mia mbili, kila ng'ombe, kila aina ya majani. Mkaguzi akakaa tena. Katupa wiki moja kurekebisha sehemu yangu. Jioni Bi Makini kaniletea kilomita za lori, kazipima mwenyewe. Akasema utotoni alikuwa akiingojea kengele ya Baba, kikombe mkononi. Sikujua. Nilitaka kusema asante. Nikamwambia buti lake lina tope.

Jumatano, 12 Machi
Imebaki mbolea. Meneja kasisitiza: shamba kwa shamba, kwa miguu, usibuni kitu. Nimeelewa. Nikafika shamba la kwanza. Jua kali. Nikaketi kivulini, nikamkumbuka Mama akitandaza samadi kwa mikono, akiimba. Gunia la mbolea ya dukani hatukulijua. Enzi zile! Nimeandika: wafugaji wote mia mbili, samadi tupu. Mbolea ya dukani, sifuri. Nani atakwenda kunusa?