Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kuzindua Jiwe la Wapanda Farasi, Granville

Mheshimiwa Mchungaji Mirindi, mwenyeji wetu katika kanisa hili kongwe la kukodi. Waheshimiwa wazee wa kanisa pamoja na wajukuu wenu wanaonielewa ila watanijibu kwa Kiingereza. Wageni mliopanda treni kutoka Parramatta na Fairfield. Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wazungumzaji wa Kiswahili Magharibi mwa Sydney, ambalo mimi, Elkana Wekesa, nimekuwa Mwenyekiti wake tangu lilipoundwa, na niliyeliunda ni mimi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye hakutajwa ajihesabu ametajwa. (Makofi ya wastani.)

Kabla sijasema, ningependa kusema neno. Ugunduzi tunaousherehekea leo haukuja hivi hivi, bali ni tunda la uongozi wenye maono. Ni kweli kwamba siku yenyewe sikuwapo. Siku hiyo Mama Généreuse, ambaye kazi yake ya wiki nzima ni kuhudumia wazee huko Fairfield, alikuwa anapiga deki nyuma ya viti vya kwaya, akaegemea ubao uliopigiliwa ukutani, ubao ukaachia, naye akaangukia huko huko nyuma yake. Alipopangusa vumbi akaona jiwe jeupe lililochongwa farasi, na chini ya farasi majina ya askari wa kikosi cha wapanda farasi, vijana wa mitaa hii hii, waliokwenda kupigana ng'ambo katika vile vita vya kwanza vya dunia wasirudi. Mstari wa mwisho unasema hata farasi wao hawakurudishwa. Lakini nawauliza, nani alimweka Mama Généreuse zamu ya usafi? Ni mfumo. Na mfumo ni nani? (Mwenyekiti anajigusa kifua.)

Nimearifiwa kwamba Mzee Vénérand, aliposomewa jiwe hilo kwa Kiswahili, aliketi sakafuni. Yeye, kama wengi wenu mliotoka Kivu, alikimbia vita na kuacha watu wake bila kaburi. Jumapili iliyofuata akamwomba Mchungaji amruhusu kumtaja mwanawe, Fiacre, mbele ya jiwe lile, kwa kuwa hana mahali pengine pa kumtajia. Akaruhusiwa. Wengine wakamfuata, kila mmoja na marehemu wake, hata ibada ikachelewa kwisha. Sasa, ndugu zangu, jambo hilo lilifanyika bila stakeholder engagement ya aina yoyote, yaani wadau hawakushirikishwa. Hatuwezi kuwa jumuiya inayolia kabla ya kupitisha sera. (Minong'ono.) Ndiyo maana nilitoa mwongozo kwamba kutaja majina kusimame hadi kamati ndogo ya maombolezo itakapokaa. Mzee Vénérand akanijibu, "Mwenyekiti, ninyi kaeni. Mimi mwanangu nimeshamtaja." Nami, kwa unyenyekevu wangu unaofahamika, nikaipokea kama feedback. (Kicheko, kisichotoka meza kuu.)

Nije kwenye Mradi wa Kulihifadhi Jiwe. Nilipowaahidi hapa hapa kwamba paa linalovuja juu yake litazibwa kabla ya majira ya baridi, wapo waliotia shaka. Leo natamka kifua mbele kwamba asilimia tisini ya maandalizi imekamilika: nembo ipo, fulana zipo, na mimi nimepigwa picha na jiwe pande zote isipokuwa upande wa ukutani. (Sauti ya mama: "Na paa?") Paa, mama yangu, liko phase two.

Nikisema Baraza, mseme juu. Baraza. (Sauti mbili: "Juu.") Jiwe. (Kanisa zima: "Juu.") Mwenyekiti. (Mtu anakohoa.)

Nimalizie kwa shukrani. Mvua kubwa ya juzi ilipoanza kumwagika ukutani, Mama Généreuse na wenzake walipanda juu wenyewe wakafunga turubai, kisha wakashinda hapa wakipokezana kulikausha jiwe kwa vitenge vyao, na herufi zikapona. Nawashukuru sana. Bila wao, leo ningekuwa nazindua ukuta, maana mradi wenyewe, kama mweka hazina anavyoninong'oneza hapa nisiwaambie, haujawahi kuwapo.