Malalamiko Dhidi ya Binti Yako Aliyeliponya Gari Langu

Kwa Fundi Mkuu, mwenye gereji ya nyuma ya soko.

Ndugu Fundi,

Kuhusu: Kuponywa kwa gari langu bila ridhaa ya moyo wangu

Pokea salamu zangu, ingawa nazitoa kwa shingo upande. Mimi ni karani mstaafu wa masjala, mwenye lile gari la kijivu ambalo majirani wanaliita Mheshimiwa, kwa sababu haliendi popote bila watu nyuma yake. Nalalamika rasmi dhidi ya fundi wako, ambaye pia ni binti yako, na ambaye mwanangu ameniarifu bila haya kwamba anataka kumuoa. Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Binti yako hana heshima kwa ugonjwa wa muda mrefu. Kwa miaka kumi na mmoja nimewaeleza watu kwamba gari langu haliwaki asubuhi kwa sababu petroli ya siku hizi ni mbaya. Mafundi wanne wenye adabu zao walinikubalia. Wa kwanza alibadili betri, wa pili plagi, wa tatu pampu ya petroli, na wa nne alizibadili zile plagi za wa pili. Gari halikuwaka, lakini tulielewana. Binti yako alikuja Jumamosi, akaniomba niwashe, akanusa, akachomoa plagi moja ikatoka nyeusi tii kwa masizi, kisha akasema mbele ya kinyozi wa mtaani kwetu na wateja wake wawili, waliokuja kutazama: "Baba, petroli haina kosa. Inaingia nyingi mno. Kabureta imechoka." Elimu yangu ya miaka kumi na mmoja ikaisha kabla chai yangu haijapoa.

2. Alitumia ushahidi. Aliifungulia kabureta juu ya gazeti ambalo nilikuwa sijamaliza kulisoma, akatoa boya, kile kidude cha shaba kinachoelea humo ndani ili petroli isifurike, akanitikisia sikioni. Lilikuwa limetoboka na lina petroli tumboni. Akaeleza kwamba boya lililolewa haliwezi kuelea, na lisipoelea halifungi mlango wa petroli. Halafu akanipa ile sindano inayoziba petroli, nikapapasa ncha yake kwa ukucha: imelika mpaka imefanya mfereji. Sisi wa masjala tunajua kwamba jambo lisilo na ushahidi linaweza kujadiliwa hata miaka ishirini, na watu wakaheshimiana. Yeye alilimaliza kwa boya jipya, sindano mpya na gasketi, akaenda kunawa mikono.

3. Aliamua kesi inayomhusu. Mwanangu aliponiletea habari za ndoa, nilitamka mbele ya mashahidi kwamba nitakwenda kuposa siku Mheshimiwa atakapowaka kwa ufunguo mmoja asubuhi ya baridi. Mtu mwenye akili zake angejua nimesema hapana. Binti yako alijua nimempa kazi. Jumapili asubuhi, na baridi yake, gari likawaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo, na kinyozi akapiga makofi. Nauliza kwa unyenyekevu: inawezekanaje mtu awe mchumba, na awe yeye huyo huyo fundi wa sharti la uchumba wake? Mimi ningefanya hivyo kazini, ningefukuzwa.

4. Madhara. Tangu mama yake afariki, mwanangu na mimi tumebaki wawili, na wanaume wawili mezani hawana mengi ya kuzungumza. Lakini kila asubuhi alilisukuma gari kutoka mlangoni mpaka mteremko wa kwa kinyozi, ambako liliwaka likiteremka, mimi nikiwa kwenye usukani na dirisha nimelifungua. Katika hatua hizo mia mbili aliniambia kila kitu: bosi wake, jino lake, hata habari za huyo binti yako nilizisikia akihema nyuma ya gari. Safari yenyewe ilikuwa ya kununua gazeti tu. Sasa gari linawaka, mwanangu ananipungia mkono na mswaki mdomoni, nami naondoka. Wiki hii yote gazeti nimelipata mapema na sijui jino lake limefikia wapi. Nimeumia, Fundi. Akioa, hata huko kupungiwa mkono kutakwisha.

5. Binti yako hajui kusema uongo. Nilimuuliza kama gari litasumbua tena, akajibu kwamba halitasumbua. Fundi gani huyo? Na mtu asiyeweza hata uongo mdogo wa kusitiri ataishi vipi na mume, sembuse baba mkwe? Ataniambia sisikii vizuri. Ataniambia hadithi ile nimeshaisimulia. Iko siku ataniambia ukweli kuhusu mimi mwenyewe, na hapo suti ya harusi nitakuwa nimeshaivaa.

Kwa hiyo naomba boya bovu na sindano iliyolika virudishwe mahali pake, uniandikie barua yenye muhuri kwamba kosa lilikuwa la petroli, na binti yako ahamishiwe kwenye matrekta, mbali na familia za watu.

Nisalimie wote hapo gereji, yule wa rangi na yule wa matairi, na mama watoto wako. Binti yako pia msalimie, ila si sana.

Ni mimi, mwenye gari zima kwa masikitiko,

Karani Mstaafu

Nyongeza: Barua ilikuwa bado haijatoka nyumbani. Jana niliikaza kwa siri skrubu ya kabureta mpaka ikakataa kuzunguka, na leo asubuhi gari halikuwaka. Mwanangu akamwita binti yako. Alifungua boneti, akaona alama mpya za bisibisi zinang'aa, akanitazama mikono. Kinyozi alikuwa amesimama hapo hapo, nami nikangoja kuaibika. Binti yako akairudisha skrubu polepole, akafunga boneti, akamgeukia mwanangu: "Gari la umri huu, kukiwa na baridi, lazima lisukumwe kwanza mpaka kwenye mteremko. Kila siku. Hata tukishaoana."

Hakuna kitabu cha magari kinachosema hivyo, Fundi, na wewe unajua. Malalamiko namba tano nayafuta, na yale manne yafuate. Niambie ni siku gani mtakuwa nyumbani, nije kumposea mwanangu. Tukichelewa msishangae, tutakuwa tunasukuma.