Kamati ya Kumtafuta Aliyewaleta Wachina

Watu wote wa mtaa wetu wa Saint-Josse, na wa dunia kwa jumla, wanaarifiwa kwamba swali la nani aliwaleta Wachina wa kale na ustaarabu wao litamalizwa Jumamosi hii katika ukumbi wa parokia, kabla ya saa nane mchana. Kamati Kuu imekwisha kuamua kwamba hawakuja wala kuubuni wenyewe. Limebaki jina la aliyewaleta tu.

Jumamosi, saa nane, Laetitia alikuwa mlangoni na kitenge kipya. Kuanzia saa hiyo ukumbi ulikuwa umekodiwa na familia yake, kwa sherehe ya mahari yake. Jamaa ya Karimu, mchumba wake, walisimama nje mvuani, na wakwe wakiachwa mvuani wanahesabu wamekataliwa.

Ndani, kamati ilikuwa bado inabishana. Quentin, mwandishi wake, alishikilia Babeli. Ingrid alisema Misri, maana hata kule waliandika kwa kuchora. Mwenyekiti, Papa Dirk, Mzungu aliyefundisha Bukavu zamani na kurudi kwao na Kiswahili cha kule, alitaka wapige kura tena.

"Na Wachina wenyewe wanasema nini, papa?" Laetitia aliuliza.

"Wanasema walikuwa palepale," Papa Dirk alijibu kwa huruma. "Donc, basi, tuliwaondoa kwenye mjadala. Kanuni yetu ya kwanza: muntu akikutwa mahali, kuna mwenye alimuleta. Ngoja kidogo, mutoto."

Laetitia hakubishana. Alitoka, akamnong'oneza kanuni hiyo tonton Amissi, mjomba wake na msemaji wa familia. Kwao, siku ya mahari, mgeni hapewi kiti mpaka msemaji amuulize ametoka wapi na nani kamleta. Asiyejibu vizuri hakai.

Tonton Amissi aliingia, akakohoa.

"Bon. Bapapa, tunawakuta hapa. Mulitoka wapi?"

"Hatukutoka mahali," Papa Dirk alisema. "Tuko hapa tangu asubuhi."

"Nani aliwaleta?"

"Hakuna. Tulikuja wenyewe."

Quentin aliacha kuandika.

"Wachina nao wanasema vile," tonton alisema taratibu. "Laetitia, wa namna hii wanafanyiwaje?"

"Wanaondolewa, tonton. Ni kanuni ya kwanza."

Kamati, ikiheshimu kanuni zake, ilibeba makoti ikatoka. Jamaa ya Karimu wakaingia, wakaulizwa, wakataja babu zao hadi kijijini, wakapewa viti.

Papa Dirk alitangaza kwamba kikao kinaendelea nje, mvuani, mpaka apatikane mtu wa kuwaingiza. Baadaye Laetitia aliwapelekea sahani ya mandazi ya moto.

Hakuna aliyeuliza yametoka wapi.