Programu Yangu ya Nyimbo za Pasaka

Jumanne, 10 Aprili 2001. Butembo.
Pasteur Éliakim ametangaza: bureau ya kanisa inatafuta chef wa ordinateur, ile kompyuta yetu. Tuko wawili tu, mimi na Katungu. Katungu anajua kuandika na masini, basi. Mimi Élysée nilisoma Pascal, luga ya kuandika programu, kule Beni. Donc, kazi ni yangu.

Mutihani ni nyimbo za Pasaka. Kila wimbo uko mara mbili ndani ya ordinateur: copie ya zamani, ilitoka Beni na makosa yake, na copie mupya, Katungu aliisahihisha pamoja na chorale. Ibakie moja tu, tu-printe. Ni Pasaka ya kwanza tangu vita ambayo batu ba Masereka kule milimani banaweza kushuka mpaka kwetu. Katungu alisema atafungua kila fichier, faili moja-moja, asome. Nilicheka. Mimi nitaandika programu. Itaangalia tarehe ya kila fichier, itaacha ile ya siku za karibu, itafuta ile ya zamani.

Jumatano.
Programu imepata fichiers mbili za ajabu: moja jina lake nukta, ingine nukta mbili. Nilikimbia kwa Pasteur kumushitaki Katungu kwamba anaficha vitu. Katungu, bila kuinua kichwa, akasema nukta ni répertoire yenyewe, folda ya nyimbo, nukta mbili ni ile inayoibeba. Nilieleza Pasteur kwamba nilikuwa ninamupima Katungu.

Alhamisi.
Programu inauona wimbo, mais ikitaka kuufuta inasema haiuoni. Inashika jina, inasahau njia. Ni kama kutafuta mutu anaitwa Kamate hapa Butembo bila kujua quartier. Niliandika njia yote, tangu C: mpaka mwisho. Ikafuta mbio sana. Katungu aliuliza kama nilisoma ndani. Nilimujibu programu hapana kuwa na mashaka kama banadamu. Tukaprinta.

Jumapili, Pasaka.
Kanisa lilijaa mpaka inje. Mama Rébecca, kiongozi wa chorale, aligawa karatasi zangu. Ubeti wa kwanza, muzuri. Kisha kiitikio, sauti zote ine: "Shetani ameshinda, aleluya."

Ilikosa herufi moja tu.

Mama Rébecca akainua mukono. Wimbo ukakatika. Mama mumoja wa Masereka akasema polepole, "Na sisi tulizania vile, wakati wa vita." Batu bakacheka, Pasteur naye, bengine na machozi. Kisha baliweka karatasi chini, bakaimba kwa kichwa. Shetani akashindwa. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo.

Jumatatu.
Katungu alionyesha Pasteur sababu. Pile ya ordinateur, betri ndogo inayochunga saa yake, ilikufa. Groupe ya umeme ikizimika, saa inarudi mwaka 1980. Donc kazi yake yote ilibeba tarehe ya 1980, na makosa ya Beni tarehe ya mwaka jana. Programu ilifuta mazuri. Bahati, alichunga copies kwa disquette.

Chef ni Katungu. Mimi nitatia mazutu ndani ya groupe, mbali na ordinateur.

Kosa ni ya pile, siyo yangu. Tena jioni docteur wa centre de santé alinisimamisha: fiches zake za bagonjwa ziko mara mbili-mbili. Nilimwambia atulie. Nimeacha tarehe, tarehe zinadanganya. Programu mupya itapima uzito: fichier nzito itabaki, nyepesi itafutwa. Kusoma ndani hapana lazima.