Igizo Lililonihamishia Stoo ya Mashuka

Ndugu Mwenyekiti,
Kikundi cha Maigizo cha Wafanyakazi wa Hospitali.

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU IGIZO LA WAZIRI ALIYEMUUA MFALME

Natumaini barua hii itakukuta salama pale kwenye dirisha lako la dawa. Mimi niliyekuwa karani wa mafaili ya wagonjwa, na sasa ni mkunja mashuka, naomba kwa heshima zote igizo lile lisichezwe tena popote. Limemharibu mtu mwema, na mtu mwema huyo ni mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Igizo linafundisha tamaa. Mimi ulinipa nafasi ya mfalme, anayenyweshwa sumu akafa kabla watu wa nyuma hawajapata viti. Waziri muuaji ukampa fundi umeme. Nilipomweleza mke wangu, aliendelea kupanga vyombo, kisha akasema, "Miaka kumi na minane unagonga mihuri mafaili ya watu. Hata kwenye maigizo uwe wa kwanza kuondoka?" Kesho yake nikaja kukunong'oneza kwamba fundi ana presha, na daktari amemkataza kupaza sauti. Uliniamini, kwa kuwa mafaili nayatunza mimi. Tukabadilishana nafasi. Aliyesema uongo ule si mimi, Mwenyekiti. Ni yule waziri aliyeniingia mwilini.

2. Igizo halisemi mapema kwamba uovu mmoja una kazi nyingi. Mkuu wa mafundi alisikia habari za presha, akamkataza fundi kupanda ngazi, akamweka mezani kupokea simu. Mtu aliyezoea kushinda darini alikaa wiki tatu akisema "haloo". Alipotaka kupimwa, nilimwahi muuguzi, nikamwambia fundi akiiona tu ile mashine huzimia. Fundi mwenyewe alikuja ofisini kwangu akaniuliza taratibu, "Ndugu yangu, faili langu linasema nini? Wanangu bado wadogo." Nikamwambia aache chumvi. Mchana huo nilikula chakula changu, na chake pia, maana kilikuwa na chumvi.

3. Siku ya onyesho nilimnywesha mfalme sumu, akafa vizuri mpaka mama mmoja wa mstari wa mbele akalia. Hapo nikasahau maneno. Yote. Maiti ikaanza kuninong'oneza. Kila sentensi ya waziri ilitoka kwanza sakafuni, na ukumbi mzima ukawa unaisikiliza maiti, mimi nikifuatisha nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza. Nauliza: mtu niliyemuua alikuwa ananisaidia kwa nini? Hatukuandaliwa kwa jambo kama hilo.

4. Mwishoni mwana wa mfalme, yaani mpishi wetu, alinichoma upanga wa boksi mara nne nami nikakataa kufa, nikihofia pazia likishuka nitabaki na maiti yangu uso kwa uso. Akaniambia sikioni, "Kufa basi, watu wanataka kwenda nyumbani." Nikafa. Nyuma ya pazia muuguzi, aliyeona mgonjwa amelala sana sakafuni, akampima fundi. Presha yake ilikuwa nzuri kuliko yako. Kesho yake ukafungua faili lake. Halikuwa na kitu zaidi ya jino moja alilong'olewa.

Sasa nikipita korido watu hushusha sauti. Mke wangu amewaambia majirani kwamba nimepandishwa cheo, nasimamia vitambaa.

Kwa hiyo naomba igizo lipigwe marufuku, nirudishwe kwenye mafaili, na mtunzi aandikiwe barua ya onyo, kama bado yu hai.

Nisalimie wote hapo: muuguzi, mpishi, mkuu wa mafundi, na yule mama aliyelia, ukimfahamu.

Wako mtiifu katikati ya mashuka,
Aliyekuwa Waziri.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, fundi umeme amekuja kubadilisha taa ya stoo. Nikampa barua anisahihishie maandishi. Ameisoma yote bila kucheka, akarekebisha maneno mawili, akaniuliza, "Ulipokwenda kunisingizia, ulikuwa umeshakisoma kitabu cha igizo?" Nikafikiri. Vitabu tuligawiwa wiki iliyofuata. Siku ile nilichokijua ni kwamba mfalme hufa mapema, na waziri ndiye mwenye maneno mengi. Basi ombi nimelifuta, Mwenyekiti. Barua naituma hivyo hivyo, ndiyo yale maelezo ya maandishi uliyonitaka nilete kuhusu uongo wangu.