Tovuti ya Mzee Macharia

Quincy Were hakuwahi kutengeneza tovuti maishani mwake. Lakini alipofungua ile ya Macharia kwenye simu, akiwa mkahawani Mtaa wa Kimathi, aliona riziki. Macharia, landilodi wa Karen, alikuwa amejinunulia timu ya mpira. Tovuti yake ilichukua dakika mbili kufunguka, kisha ikakupa picha yake na matokeo ya mwaka juzi. Wageni kumi na mmoja kwa wiki; tisa walikuwa Macharia mwenyewe.

"Mashabiki hawakuchukii, mzee," Quincy alimwambia kwa upole. "Wanachukia kungoja."

Macharia, ambaye wapangaji wake wamengoja maji miaka minne, aliguswa sana, akamwahidi laki mbili kwa tovuti mpya.

Kule Mountain View, anakoishi Quincy, kuna dada aitwaye Everlyn, anayeandika mechi za mitaani kwenye tovuti yake. Inafunguka upesi, bao likiingia unaliona papo hapo, na watu hubishana humo mpaka ugali unaungua. Quincy alisajili jina jipya, akabandika nembo ya Macharia juu, na chini akaichomeka tovuti nzima ya Everlyn, kama mtu anayejivutia stima ya jirani. Alichoandika Everlyn kikatokea kwa Macharia.

Siku ya tatu Everlyn aliona wageni wakiingia tovutini mwake kwa mlango asioujua, wenye nembo ya Macharia. Hakupiga kelele.

Jumamosi Macharia alialika marafiki Karen kuizindua. Ukurasa ulifunguka kabla hajainua kidole. Mgeni mmoja akaanza kugombana humo na shabiki wa Kangemi kuhusu penalti.

"Hii sasa ni tovuti!" alisema Macharia. "Na umeweka hata mahali pa kulipia!"

Quincy alichungulia. Kitufe chekundu, ambacho asubuhi hakikuwepo: LIPA MWENYE TOVUTI.

Macharia akaweka zile laki mbili za Quincy. Jina la mpokeaji likatokea. "Everlyn ni nani?"

Ukweli ungemvua Quincy suruali mbele ya watu. "Mhasibu wangu," alisema, kama anayemeza mfupa.

"Safi." Pesa ikaenda.

Baada ya saa moja Quincy alikuwa mlangoni kwa Everlyn, kola imelowa jasho.

"Niaje, Evu. Kuna doo yangu imekuja kwako by mistake."

"Ya nini?"

"Ya tovuti."

"Tovuti gani?"

Quincy aligeuka kama anayeondoka. "Naenda polisi!"

"Nikusindikize? Uwaambie nimekula pesa ya tovuti yangu."

"Na mzee je?"

"Mzee nitampigia mimi. Amelipia tovuti, atapata tovuti. Wewe umelipia nini?"

Akafunga mlango.